Senti Kumi ya Kiunoni

Baba Mwende,

Salamu sikuletei. Nakuletea habari tu: seti yako imeondoka. Imeondoka leo asubuhi, imezungushiwa lile taulo lako la kijani, mikononi mwa bwana mmoja wa Mombasa mwenye miwani mizito na adabu nyingi. Alikunywa chai, akala vitumbua viwili, na kila alipofungua mdomo aliniita mama. Ungempenda.

Sasa usianze kunikaripia huko uliko. Najua utakachouliza, ni kile kile ulichokuwa ukiuliza kila ukiingia mlangoni, kabla hujajua mtoto amekula au hajala: "Ubao wangu uko sawa?" Ubao uko sawa. Una pengo moja. Kishimo cha mwisho, kile cha upande wa kulia, kimeondoka kitupu. Tulia nikueleze. Leo huna pa kwenda, na mara hii utanisikiliza mpaka nimalize.

Mwende anasema nimechanganyikiwa. Ati, "Mama, baba amezikwa Ukambani, hiyo barua utaipeleka kwa nani?" Nimemwambia siipeleki kwa mtu. Nitaiacha hapa mezani, asome atakaye. Mambo yetu yalikaa ndani ya nyumba hii ya mtaa wa Barani miaka mingi mno, na yaliniozea ndani.

Unakumbuka Marafa? Ulikuwa karani wa hoteli, unawaleta wageni kuona korongo la Nyari, viatu vyako vyeusi vinang'aa kama umevaa kwenda kanisani, na vumbi letu jekundu linavipanda mpaka kwenye kamba. Mimi nilikuwa nauza korosho za kukaanga pale juu, chini ya kibanda cha makuti. Ulinunua. Wiki iliyofuata ukanunua tena. Dereva wenu ndiye aliyeniambia siri, huku akicheka: "Dada, huyu hali korosho. Zinamwasha koo. Mimi ndiye ninayezila." Loo, nilivyocheka siku hiyo! Mwanamume anayenunua asichoweza kula, nikasema, huyu ananitaka mimi. Na hapo sikukosea. Nitakupa haki yako hapo, kwa sababu mbele sitakupa nyingi.

Ukaja kwetu kuposa. Mama yangu, mtu mzima yule, ukamwambia, "Habari yako?" Nikakukanyaga mguu. Ndipo ukatoa shikamoo, ukaitoa kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Mama akasema, "Watu wa bara, tutawafunza." Hatukukufunza. Pengine hapo ndipo penye kosa lote.

Niwaeleze watakaosoma, maana wewe wajua. Watu wanaopenda sarafu za kale hukusanya za kila nchi na kila mfalme. Mume wangu alikusanya moja. Senti kumi ya shaba, ya wakati wa mkoloni, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zimelizunguka hilo tundu. Ya mwaka mmoja tu, yenye herufi ndogo moja pembeni ambayo mimi mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Hiyo hiyo, tena na tena. Alichotaka ni kuwa nayo katika kila hali: kutoka ile iliyotoka kiwandani ikang'aa na haijaguswa na mtu, mpaka ile iliyopita mikononi mwa watu hadi ikalika. Fundi seremala alimchongea ubao wa mvule wenye vishimo safu moja, na kila kishimo kikawa kinangoja hali yake. Mtaliano mmoja mzee, mgeni wa hoteli wa kila mwaka, ndiye aliyemtia ugonjwa huo.

Na majina ya hizo hali nilikupa mimi! Hilo ulikuwa husemi mbele za watu. Ulikaa mkekani unanieleza kwa namba na herufi za Kizungu, nikakuambia, Ebo, mbona ni rahisi? Hii isiyoguswa ni mwari. Hii iliyoshikwa kidogo ni bibi arusi. Hii ni mzazi wa kwanza, hii ni mama wa watoto wengi, hii ni bibi. Na hii ya mwisho, isiyokuwa na meno wala nyusi, ni kikongwe. Ulicheka mpaka ukalala chali. Tangu siku hiyo ukazitumia, "Leo nimeona mzazi mmoja safi sana kule sokoni," na watu wanakukodolea macho.

Mwari ulimpata mapema, Mtaliano wako alikuletea. Aliyekusumbua ni kikongwe. Ukanifafanulia, na maneno hayo nayakumbuka kwa sababu uliyarudia kila mara: "Lazima iwe imelika kabisa, lakini mwaka na herufi visomeke. Visiposomeka si sarafu yangu tena. Ni kipande cha shaba." Nikasema basi tafuta. Ukasema hazipatikani, kwa kuwa nani huweka kitu kilichochakaa? Watu huhifadhi vizuri, vibovu hutupwa. Kule kijijini Kakuyuni wazee wakakuambia zamani waliziweka chini ya misumari ya mabati, zizuie maji ya mvua. Ukapanda mapaa ya watu! Mume wangu, karani, na tai shingoni, yuko juu ya bati anakagua misumari, na wenye nyumba wapo chini wanauliza kama amechukuliwa na pepo. Ulishuka na magoti yamechubuka. Zile zilikuwa zimeliwa na kutu na jua. Hukuzitaka. Ulisema zinatakiwa zichakazwe na watu.

Sasa tufike kwenye yangu.

Jioni ile ulipomaliza kutoa mahari kwetu na tukaja mjini, uliniita uani. Ukatoa kitu mfukoni, kimefungwa karatasi. Senti kumi yenye tundu. Ilikuwa tayari imezeeka kidogo, ya rangi ya hina iliyofifia. Ukasema, "Vaa hii. Usiivue, hata ukioga. Hata ukilala." Basi. Hukuongeza neno.

Baba Mwende, nililia. Uliniona nikilia. Wewe hukujua, na ungejuaje, kwamba kwetu mtoto akizaliwa bibi yake humfunga pesa yenye tundu kiunoni kwa uzi mweusi. Hawe, bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenifunga mimi. Alikuwa akisema pesa haifungwi na mtu baki. Hufungwa na anayekupenda, ili ubaya ukija uikute pesa kwanza. Yangu ilikatikia kisimani nikiwa msichana, na Hawe alikuwa ameshakufa, ikawa hakuna wa kunifunga tena. Halafu unakuja wewe, mtu wa bara usiyejua hata shikamoo, unanitolea pesa yenye tundu unaniambia nisiivue. Nikakuambia yote hayo pale pale, huku najifuta machozi kwa leso. Nikakuambia, "Hawe angekupenda." Ukatabasamu. Ukasema, "Funga basi, isipotee."

Niliifunga na shanga zangu za kiunoni. Nilikwenda nayo kisimani, jikoni, baharini kuosha madema ya samaki ya shemeji, na Marafa kuwaringia dada zangu. "Mume wangu amenifunga pesa," niliwaambia, na Kadzo, yule mdogo, alinuna wiki nzima, kwa sababu wake alimpa redio tu. Nilipokuwa nazaa Mwende, muuguzi alitaka kuukata uzi wake. Nilimshika mkono, uchungu wenyewe umenikaba. Nikamwambia, "Kata kingine chochote." Baadaye kiuno kiliponenepa nikaihamishia kwenye fundo la leso, na hapo ikakaa. Nikiwa na wasiwasi niliipapasa. Nikiwa na hasira na wewe niliisugua kwa kidole gumba badala ya kukujibu, na hivyo ndivyo ulivyopata sifa ya kuwa na mke mpole.

Na wewe ulikuwa ukiniita jioni: "Njoo hapa, leta nione." Ukafungua lile fundo taratibu. Ukapitisha kidole juu yake, ukaigeuza, ukaisogeza kwenye taa, ukaninong'oneza, "Nzuri." Mimi nikainamisha macho kama mwari wa kweli. Nikadhani nzuri ni mimi.

Haya. Siku ya Mtaliano.

Alikuja kututembelea hapa Barani, mzee kweli sasa, na fimbo. Nilipika pilau, nikatengeneza juisi ya ukwaju. Mkaweka ubao katikati ya meza, mnauchungulia kama watu wanaotoa mwiba mguuni kwa mtoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Akauliza, na kikongwe je? Ukasema, na sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia: "Iko kazini. Miaka yote hii naichakaza." Kisha ukageuka. "Mama Mwende, hebu lete ile tumwonyeshe."

Hukuniona uso wangu. Niliweka sinia chini, nikafungua fundo mbele ya mgeni, nikakupa. Akaitazama kwa kile kioo chake cha kukuza. Mwaka unasomeka vizuri mno, akasema, herufi pia. Bado kidogo. Akakueleza kwamba mfukoni sarafu hukwaruzwa na funguo, lakini kwa ngozi ya mwanamke, na jasho, na mafuta, na nguo laini, hulika vizuri kuliko mahali pengine popote. Halafu akanitazama akacheka kwa wema, maskini, hakuwa na nia mbaya. Akasema, "Mama, wewe mashine mzuri sana."

Na wewe ukacheka.

Asubuhi yake, nikiwa naosha sufuria la pilau, nilikuuliza. Hukukataa. Ulishangaa, ndilo lililoniua zaidi. "Kwani nilikudanganya? Nilikwambia uvae, nikakwambia usiivue. Hirizi ulisema wewe."

"Na mbona hukuniambia sivyo?"

Ukafikiri. Kweli ulifikiri, nakuona mpaka sasa na kikombe mkononi. "Ulikuwa umefurahi sana," ukasema. "Ningekuharibia furaha ya nini?"

Jibu hilo nimelitafuna miaka na miaka. Siku nyingine naliona ni la mtu mwema asiyetaka kumvunja moyo msichana anayelia. Siku nyingi naliona ni la mtu aliyekuta punda amejifunga mwenyewe mzigo, akanyamaza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nguoni kweli, na fundo nimelifunga mimi.

Utauliza mbona sikuitupa. Najiuliza pia. Nilitaka kuitupa chooni, wallahi. Lakini mkono ulishazoea. Ulirudi wenyewe kwenye fundo, nikichuja nazi ulirudi, nikipanga foleni hospitalini ulirudi, na kila uliporudi niliisugua, na sasa sikuwa naisugua kwa kukosa la kukujibu, niliisugua kwa sababu nilikuwa na majibu mengi mno. Nilisugua ule "mashine mzuri". Nilisugua kile kicheko chako. Nilimsugua Kadzo na redio yake, ambaye mumewe kumbe alimpa zawadi kweli. Hukuona. Macho yako yalikuwa yameshaingia ukungu, na kila daktari aliyetaka kukupasua mtoto wa jicho ulimwambia mwaka ujao.

Siku moja ukaniita. "Leta nione." Ukaipapasa kwa kidole muda mrefu, umeinua uso juu kama kipofu anayesikiliza mvua. Ukasema, "Imeiva. Mvumilivu hula mbivu, Mama Mwende." Ukaichukua. Hukuniuliza, wala mimi sikukuzuia. Ukaitia kwenye kishimo cha mwisho, ukapitisha mkono safu nzima, kutoka kwa mwari mpaka kwa kikongwe, na ukalia. Ulilia kwa sauti. Tulipomzika mama yako ulitoa chozi moja ukalifuta. Mwende alipozaliwa ulisema "vizuri". Siku hiyo ulilia mpaka jirani akaja kubisha.

Nami nilikuwa nimesimama hapo na leso isiyokuwa na fundo. Ukitazama vizuri, hata mimi nilikuwa nimefika mwisho wa safu. Nilikuwa mwari ukiwa na ubao mtupu. Nikaolewa, nikazaa, nikaitwa bibi na watoto wa mtaa, na kila jina nililokupa kwa kicheko lilinipata. Hakuna hata siku moja uliyoniweka kwenye mwanga ukanitazama hivyo.

Kisha ukaugua. Sikukuacha, hilo Mungu analijua na ndugu zako wanalijua. Uji nilikunywesha, shuka nilifua, ubao nilikuwekea kifuani ulipoutaka. Ile siku ya mwisho ulipoita, "Mama Mwende," nilisogeza kiti mpaka goti likagusa kitanda. Mtu akifika hapo husema neno. Sikutaka neno kubwa. Ungesema korosho tu, ningeelewa.

Ukasema, "Usiitawanye."

Nikangoja.

"Yote pamoja," ukasema. Ukageukia ukutani. Basi, hilo ndilo neno langu, ndilo nililobaki nalo mjane.

Ndugu zako wakakuchukua wakakuzika kwenu. Mimi nikabaki na ubao na ahadi niliyoupa mgongo wako. Mwende akamtafuta huyu bwana wa Mombasa, naye bwana akataka seti kamili, isiyopungua hata moja. Jana nilikaa na ubao mapajani asubuhi nzima. Nilimtaka mmoja tu, Baba Mwende. Hao wengine siwajui, sikuwahi kulala nao. Nilikitoa kikongwe kishimoni, nikakitia kwenye leso, nikalifunga fundo, na mwili wangu mzima ukapoa. Halafu nikasikia "yote pamoja". Nikalifungua fundo, nikakirudisha. Nilikirudisha huku nakutukana, lakini nilikirudisha. Ahadi uliyompa mtu aliyekufa haina wa kukufungulia, ndiyo maana ni nzito.

Leo bwana akaja. Akaanza kwa mwari, akamsifu. Akaenda mmoja mmoja, kioo jichoni, anaguna kwa raha. Akafika mwisho. Akaguna tena, lakini guno jingine. Akaigeuza. Akaiendea dirishani. Akatoa kioo kingine kikubwa zaidi. Mimi roho juu, nikijua ndiyo inakwenda, na nikaona heri aichukue upesi amalize.

Akarudi akaketi. "Mama," akasema, kwa upole wa daktari, "hii siyo."

"Siyo nini?"

"Imepitiliza. Mwaka haupo. Herufi haipo. Hata pembe za ndovu zimekwisha. Hii inaweza kuwa ya mwaka wowote." Akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja. "Mzee hakuweza kuiona vizuri, nadhani. Samahani. Nitachukua hizi nyingine. Hii si ya seti, mama. Baki nayo."

Nilicheka. Salaale, nilicheka mpaka Mwende akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani nimepatwa na pepo. Bwana wa watu akashtuka, akafikiri amenivunja moyo. Ningemwelezaje? Kwamba herufi yako iliondoka siku ya pilau na zile zilizofuata? Kwamba ulimngoja mashine wako aive, na mashine alikuwa na hasira? Seti yako haikukamilika hata dakika moja, Baba Mwende. Ulilia bure. Ulikufa na kipande cha shaba kifuani.

Nilidhani nikikuambia hili nitafurahi zaidi. Nimefurahi kidogo. Kisha nimekumbuka uso wako ulivyoinuka juu, na kidole kile kinatafuta, na nimekuonea huruma, na huruma hiyo nayo imenikasirisha.

Lakini ahadi sikuvunja. Seti yako sikuitawanya. Iliyobaki hapa, umesikia mwenyewe, haikuwa yako.

Alipoondoka nimeitazama vizuri kwa mara ya kwanza, mimi mwenyewe, dirishani. Haina jina la mfalme, haina mwaka, haina pembe. Kilichobaki ni tundu, na uzi mweusi umepita bila taabu. Mwende alitaka kunisaidia. Nilipomweleza desturi ya Hawe, akaninyang'anya uzi akasema, "Basi lete mimi nikufunge, mama, mimi nakupenda." Mtoto mwema. Nikamwambia nangojea watoto wake, wao ndio watafungwa na mimi. Hii aniachie.

Lala salama huko kwenu. Wewe ulinipa tu nikuvalie. Safari hii nimejifunga mwenyewe.

Ni mimi,
mama yake Mwende